Dereva amefariki, jalada limefungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Mimi ni fundi mstaafu wa magari makubwa. Nimelala chini ya mabasi kwa miaka 31, kwanza Moshi na baadaye hapa Morogoro, mpaka magoti yalipokataa. Kinachonifanya nishike kalamu ni ile sentensi tunayoisikia redioni kila basi linapoua watu: chanzo cha ajali ni mwendokasi na uzembe wa dereva. Inatoka ndani ya saa chache, mara nyingine kabla miili yote haijatolewa kwenye mabati. Baada ya hapo viongozi wanatoa pole, Bunge linasimama kimya dakika moja, na sisi wengine tunakata tiketi ya safari inayofuata.

Miaka tisa iliyopita mdogo wangu wa kike alikuwa anarudi kutoka Dodoma na mumewe. Basi lao liliacha njia kwenye mteremko, baada ya kupita Gairo, likabiringita. Watu 13 walifariki, shemeji yangu akiwa mmojawapo, na dereva naye. Mdogo wangu alivunjika nyonga, hadi leo anatembea na fimbo. Siku ya nne nilikwenda na mpwa wangu kituo cha polisi kuchukua begi la marehemu. Basi lilikuwa uani, limelala ubavu. Kwa gari lililosimama kawaida ningehitaji jeki na godoro la kulalia, lakini hili tumbo lake lote lilikuwa wazi mbele yangu. Nilisogea kwa mazoea ya kazi tu, sikuwa natafuta kitu.

Kwenye tairi la nyuma kushoto niliona bomba la upepo limekatwa, ncha yake imeingizwa bolti, juu yake imekazwa klipu.

Kwa asiye fundi naomba nieleze, maana hapa ndipo barua yangu yote ilipo. Basi kubwa linasimama kwa breki za upepo. Kompresa inajaza matangi, ukikanyaga pedali upepo unakimbia kwenye mabomba hadi kwenye chemba iliyo karibu na kila tairi, ndani ya chemba kuna daiframu ya mpira inayosukuma fimbo, fimbo inatanua viatu vya breki vibane gurudumu. Daiframu ikichanika, upepo unavuja na geji inashuka. Dawa yake ni kununua daiframu mpya na kuifunga. Njia ya mkato ni kuziba bomba la tairi hilo ili upepo usipotee, basi litembee, leo lisikose zamu. Geji inarudi juu, dereva anaona kila kitu ni kizima. Kwenye tambarare hata mimi nikiendesha siwezi kutambua. Lakini kwenye mteremko mrefu, basi limejaa na mizigo iko kwenye buti, breki za tairi zilizobaki zinabeba mzigo wa ile iliyozimwa. Zinapata moto, zinatoa harufu, halafu zinakufa. Dereva anakanyaga na gari haliitiki.

Bolti ile ilikuwa na kutu. Juu ya kutu kulikuwa na grisi, na juu ya grisi vumbi lililogandamana kama udongo wa tofali. Haikuwekwa wiki ile, wala mwezi ule. Na mbele, kwenye kioo kilichopasuka, stika ya Nenda kwa Usalama, ile ya kuonyesha gari limekaguliwa na polisi, ilikuwa bado imebandikwa, safi kabisa.

Nilimwita askari kijana aliyekuwa zamu nikamwonyesha. Alinisikiliza vizuri, aliniita mzee, hakuwa na dharau hata kidogo. Akaniambia, "Mzee wangu, dereva amefariki. Jalada hili linafungwa." Niliandika barua kwa ofisi mbili, kwa mkono, nikachora na mchoro wa lile bomba. Sikujibiwa. Bolti niliiacha palepale kwa sababu nilijua ni ushahidi na si mali yangu. Miezi kadhaa baadaye nilipopita tena, pale uani palikuwa peupe. Basi lilikuwa limeuzwa skrepa.

Simlaumu yule kijana. Alisema kweli kwa mujibu wa kazi yake. Polisi wanachunguza ajali ili kumpata wa kumpeleka mahakamani, na marehemu hashtakiwi. Kosa lake, kama lilikuwepo, linakwenda naye kaburini. Lakini bolti haikufa. Fundi aliyeiweka pengine alikuwa kazini kesho yake, na gari jingine la gereji hiyohiyo pengine lilikuwa limezibwa hivyohivyo na linashuka mteremko wa Kitonga na abiria. Hilo nalo nani alipaswa kulitafuta? Mimi nasema ni serikali. Tena nasema ni wajibu wake kabla ya kuwa hisani, kwa sababu serikali ndiyo iliyotoa leseni ya basi lile kubeba watu, ndiyo iliyolikagua, ndiyo iliyojenga barabara na ndiyo iliyompima dereva.

Na serikali yetu inajua namna ya kufanya hivyo. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliofariki walikuwa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Hakuna aliyesema rubani amefariki, jalada lifungwe. Wachunguzi wa ajali za ndege walio chini ya wizara inayosimamia uchukuzi walifika, wataalamu wa Ufaransa ndege ilikotengenezwa wakaja, vinasa kumbukumbu vikatolewa, taarifa ya awali ikaandikwa. Utaratibu wa dunia nzima wa usafiri wa anga, ule wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, unataka taarifa ya awali ndani ya siku 30, na unasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine na wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Ilipozama MV Bukoba, Mei 21, 1996, iliundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga. Kwa hiyo abiria wa ndege anachunguziwa, abiria wa meli anaundiwa tume. Abiria wa basi, ambaye ndiye Mtanzania wa kawaida, mwenye kuku kwenye kikapu na mtoto mapajani, yeye anapewa sentensi ya redioni.

Wako watakaosema ndege ni chombo cha kitaalamu, basi ni basi tu. Hapana. Chukua ajali ya Same ya Juni 28, 2025, pale Sabasaba, basi na kosta vilipogongana na kuwaka moto. Karibu watu 40 walikufa, wengi wao wakaungua kiasi cha kutotambulika na ndugu zao. Tuliambiwa tairi la mbele la basi lilipasuka. Sawa. Lilipasuka kwa nini? Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2318, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo haujagusa lami. Je, lilikuwa la mwaka gani? Lilikuwa jipya, au la zamani lililobandikwa upya kashata, yaani mpira wa juu unaogusa lami, na kufungwa mbele, mahali ambapo tairi likipasuka usukani unakutoka mkononi? Lilijazwa upepo kiasi gani asubuhi ile? Waya za ndani ya tairi zikikatika kwa joto la kukimbia na upepo mdogo zina sura yake, zikikatika kwa kugonga jiwe au ukingo wa shimo zina sura nyingine. Mabaki ya tairi yakipelekwa kwa mtu anayejua kuyasoma, yanasema. Na moto je, ulianzia wapi? Tanki la mafuta la gari lipi lilipasuka, na lilikaa sehemu gani ya chasisi? Sponji ya viti ni ya aina gani? Madirisha ya dharura yalifunguka? Nyundo za kuvunjia vioo zilikuwepo mahali pake, au zilikuwa zimefungiwa kwenye droo ya konda zisiibiwe, kama nilivyokuta mara nyingi kwenye gereji? Kila swali hapa lina jibu, na kila jibu lingemgusa mmiliki wa basi aliye Mbeya, Mwanza au Tanga leo hii.

Au chukua Changarawe, Mafinga, Machi 11, 2015. Kontena la lori liliangukia basi, watu zaidi ya 40 wakafariki. Kontena hushikiliwa kwenye trela na loki nne za pembeni, na loki ikifungwa sawasawa kontena haliruki kirahisi. Ilisemwa pia kulikuwa na shimo barabarani. Hapo kuna mambo matatu mikononi mwa watu watatu tofauti: dereva, mwenye trela na mwenye barabara. Nani aliyaweka yote mezani pamoja na kutuambia lipi lilikuwa na uzito gani?

Kuhusu Karatu sitaki kusema mengi. Mei 6, 2017, pale Rhotia, kosta ya shule ilidumbukia korongo la mto Marera, wakafa wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva. Watoto watatu walitoka hai. Taifa lililia kwa dhati, nami nililia. Lakini sijaona hadi leo ripoti iliyowekwa mbele ya wazazi wa nchi hii ikieleza breki za gari lile zilikuwaje, viti vilishikwa na nini, ukingo wa barabara pale ulikuwaje, na shule zote zinazokodi kosta zinapaswa kubadili nini. Mwanangu anapeleka wajukuu wangu wawili shule kwa kosta. Ningependa kuisoma ripoti hiyo.

Mpwa wangu, yule niliyekwenda naye kituoni, alikuja kusomea uhandisi wa mitambo, na nadhani najua ni kwa nini. Yeye ndiye aliyenisimulia ajali ya Carrollton, jimbo la Kentucky huko Marekani, ya Mei 14, 1988. Pikapu iliyokuwa inakwenda upande usio wake iligongana uso kwa uso na basi la zamani la shule lililobeba watoto na vijana wa kanisa, na watu 27 wakafa. Mwenye pikapu alikuwa amelewa. Alishtakiwa, akafungwa. Kwetu hadithi ingeishia hapo, mlevi kapatikana. Lakini wenzetu wana bodi yao ya usalama wa usafiri, NTSB, iliyoanzishwa 1967, ambayo kazi yake si kumshtaki mtu. Bodi ikauliza: mbona waliokufa kwenye basi wote waliuawa na moto na moshi, si kishindo? Ikakuta tanki la mafuta lilitobolewa kwa kuwa halikuwa na kinga, mlango wa mbele uliharibika, watu wakabanana kwenye njia nyembamba kuelekea mlango wa nyuma, na sponji ya viti ikatoa moshi wa sumu. Ikakuta pia basi lilijengwa siku chache tu kabla ya kanuni mpya za usalama za Aprili 1977 kuanza kutumika. Kentucky ikabadili masharti ya mabasi yake ya shule. Yule mlevi alikuwa na hatia kweli, na bado kulikuwa na mengine ya kurekebisha ambayo kumfunga yeye kusingeyarekebisha.

Nikirudi kwa mdogo wangu. Alikuwa kiti cha tano upande wa kushoto. Aliniambia hospitalini, "Kaka, viti vilikuja vyote." Nilipochungulia ndani ya basi nilielewa. Viti vilikuwa vimefungwa kwenye plaiwudi ya sakafu kwa skrubu fupi, havikufikishwa kwenye vyuma vya chini. Basi lilipoacha njia, viti na watu wake viling'oka na kurundikana mbele. Shemeji hakugongwa na kitu chochote cha nje. Alibanwa na viti vya nyuma yake. Sasa angalia: hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumhoji mdogo wangu. Alilala hospitali wiki saba. Alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, alitibiwa, akaruhusiwa. Shahidi aliyeona kila kitu, mwenye akili timamu, mwalimu wa shule ya msingi, na hakuna aliyemuuliza hata viti vilikuwaje.

Kwa nini kisiwepo chombo? Nimeambiwa polisi wanatosha. Polisi wa usalama barabarani nawaheshimu, wanakaa juani kutwa. Lakini wakaguzi wa magari ni wao, na wanaosimamisha basi njiani ni wao. LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ndiyo inayotoa leseni ya kubeba abiria na ndiyo inayoona mwendo wa mabasi kwenye mfumo wake wa kufuatilia. TANROADS ndio wenye barabara. Basi lenye stika halali, leseni halali, kwenye barabara kuu ya serikali, likiua watu 20, kila mmoja wa hawa ana sehemu yake ya kujibu. Huwezi kumwomba mmoja wao awachunguze wengine, na zaidi ya hapo ajichunguze mwenyewe, kisha atuletee jibu ambalo dereva hayumo peke yake. Siwatuhumu kwa ubaya. Hata mimi gereji, gari nililolifunga mwenyewe likirudi na hitilafu, nilimwita fundi mwingine alitazame.

Ninachoomba kitungiwe sheria ni hiki. Ajali yoyote ya gari la abiria itakayoua watu kumi au zaidi, iwe basi, kosta au noa, ichunguzwe na chombo kisicho chini ya polisi wala LATRA wala TANROADS, na kinachopeleka taarifa yake bungeni. Mabaki ya gari yasiguswe wala kuuzwa skrepa mpaka wachunguzi wayafungue. Kumbukumbu za mwendo zichukuliwe siku hiyohiyo. Majeruhi wahojiwe, hata kama ni baada ya mwezi. Taarifa ya awali itoke ndani ya siku 30, kamili ndani ya mwaka, kwa Kiswahili, na ibandikwe stendi na mitandaoni ili konda, fundi na abiria waisome. Na ofisi iliyopewa pendekezo iseme hadharani imelitekeleza au kwa nini imelikataa. Yanayosemwa mbele ya wachunguzi yasitumike kumfunga aliyeyasema, maana vinginevyo fundi aliyeweka bolti hatasema kamwe, na mimi ninamtaka aseme: nani alimwagiza, daiframu ilikuwa shilingi ngapi, na mabasi mengine mangapi aliyafanya hivyo. Polisi waendelee na kesi yao pembeni. Hakuna anayewazuia.

Fedha zitasemwa hazipo. Hatuhitaji ghorofa. Wahandisi wachache, daktari mmoja wa miili, mtu wa barabara, mafundi wawili waliochakaa kama mimi, gari na kamera. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kutembea usiku kucha, kwa hiyo kazi haitapungua.

Na kuna jambo la mwisho ambalo ni gumu kwangu kulisema, kwa sababu mimi ni mtu wa sala. Kwenye mazishi ya shemeji tuliambiwa kazi ya Mungu haina makosa, nami niliitikia, na ninaamini hivyo. Lakini nilikuwa nimetoka kuiona ile bolti. Mungu ndiye aliyemchukua shemeji yangu. Bolti iliwekwa na mtu kwa spana namba 13, na serikali ikabandika stika mbele yake. Nilisimama pembeni ya kaburi nikiwa na haya mawili moyoni, na sikuweza kumwambia mdogo wangu. Nilimwambia mwaka jana tu. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama bado nina ule mchoro niliowapelekea wale wakubwa.

Ninao. Nakala yake naiambatisha na barua hii, Mhariri, ingawa najua gazeti haliwezi kuichapa. Nakuomba uifikishe kwa Kamati ya Bunge ya Miundombinu. Wakihitaji kuonyeshwa bomba lililozibwa linavyofanana, wasisumbuke kusafiri kwenda kokote. Waje stendi yetu ya Msamvu alfajiri yoyote na tochi, nitalala chini nao.

Fundi mstaafu wa magari makubwa,
Kihonda, Morogoro.
(Jina na anwani vimehifadhiwa)